Ukitoka kwenye kundi unatoka na nini? Niliyoongea na maprodyuza wa Dodoma

Haya ni maneno niliyoongea na vijana wanaotengeneza biti hapa Dodoma. Kuna waliokosa kuja wakaomba niyaandike, kwa hiyo nimeyaweka vile vile nilivyoyasema, nimepunguza tu sehemu ambazo watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, na nimeongeza mambo mawili matatu ambayo muda ulinibana.

Mbukwenyi jamani! Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi, na wale wa kwaya mliokuja na walimu wenu Bwana asifiwe.

Najua wengine mmetoka Nkuhungu, wengine Nzuguni, kuna mdogo wangu hapa mbele katoka Kongwa na laptopu yake mgongoni na anataka kurudi leo leo, kwa hiyo sitazunguka. Swali ambalo maprodyuza wa huu mji wananiuliza kuliko yote ni hili, kaka mimi niko kwenye kundi, tuko watatu au wanne, kazi zinaenda, ila naona kama muda wangu umefika, nitoke au nibaki? Na mimi huwa nauliza, ukitoka unatoka na nini? Wengi wananiangalia tu, wanadhani naulizia spika na kompyuta. Hapana, naulizia vitu ambavyo havibebwi kwenye bajaji, na ndio nataka tuongee hivyo leo kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji vikubwa sana wanatoka kwenye kundi usiku mmoja kwa hasira halafu asubuhi wanakuta hawana hata biti moja wanayoweza kusema hii ni yangu.

Tuanze na Black Coffee, DJ na prodyuza wa Afrika Kusini, maana humu ndani hamna asiyemjua. Nyie mnamjua wa Ibiza, mnamjua aliyepiga ukumbi wa Madison Square Garden kule New York Oktoba 2023, mnamjua aliyechukua tuzo ya Grammy mwaka 2022 ya albamu bora ya dansi na elektroniki. Sasa rudini nyuma kabisa. Jina lake ni Nkosinathi Maphumulo, kazaliwa Umlazi pale Durban mwaka 1976, akakulia Mthatha, akasoma muziki Technikon Natal na alichosomea ni jazi, na kwenye miaka yake ya mwanzo alikuwa mwitikiaji wa mpiga gita Madala Kunene. Mwitikiaji, yaani anasimama nyuma pale na maiki, mwenye jina yuko mbele. Na aliokuwa nao, Mnqobi Mdabe wanayemwita Shota na Thandukwazi Sikhosana wanayemwita Demor, ndio hao hao wakatengeneza kundi la watu watatu wakaliita Shana, wakachukuliwa na lebo ya Melt 2000.

Miaka imepita pale, mwaka 2003 akachaguliwa kwenda Red Bull Music Academy, mafunzo ya wanamuziki ambayo yalifanyika Cape Town, na mwaka 2005 ndio ikatoka albamu ya kwanza yenye jina lake mwenyewe, ndani yake kuna rimiksi ya wimbo wa Hugh Masekela, yule mzee wa tarumbeta ambaye Afrika nzima inamheshimu. Mwaka huo huo akawa na lebo yake, Soulistic Music.

Sasa sikilizeni kazi zake vizuri, msisikilize ngoma peke yake, sikilizeni jinsi sauti ya mtu ilivyokaa. Mwimbaji yuko mbele, ngoma inampisha, kinanda kinaingia pale mwimbaji anapovuta pumzi, hakuna kitu kinamkanyaga. Mimi nikisikia hivyo nasikia mtu aliyesimama miaka kwenye nafasi ya kuitikia, anayejua sauti ya pili inakaa wapi na sauti ya tatu inakaa wapi, na anajua lini unyamaze. Hicho hakufundishwa na programu ya kompyuta. Alitoka nacho kwenye kundi, na hakuna mwanasheria duniani anaweza kukudai urudishe masikio.

Halafu angalia kitu kingine, watu wanadhani kwenda solo ni kufanya kila kitu peke yako. Ile albamu yake ya Grammy ina Pharrell Williams, ina Usher, ina David Guetta, ina Diplo, imejaa watu! Solo ya prodyuza haifanani na solo ya mwimbaji. Mwimbaji akienda solo anaimba yeye. Prodyuza akienda solo anakuwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho, anachagua nani aje, wimbo uwe na kasi gani, kipi kiondoke, na jina lililoandikwa kwenye kava ni la aliyeamua. Kwa hiyo kama unataka kutoka kundini kwa sababu umechoka kufanya kazi na watu, mdogo wangu nakuomba ufikirie tena, huko nje utafanya kazi na watu wengi zaidi kuliko hao watatu uliowazoea.

Na nitasema hili moja tu kuhusu vifaa kwa sababu najua kuna mtu anasubiri kuninyooshea mkono aniambie hana sinthesaiza, yaani kinanda cha elektroniki. Black Coffee amejenga jina akipiga kwa mkono mmoja. Februari 1990, usiku ule watu wako barabarani wanashangilia Mandela katoka jela, gari likavamia umati na yeye bado mtoto, mkono wa kushoto ukapoteza kazi kwa miaka mingi. Tuendelee.

Kuna kitu kuhusu kundi ambacho huwezi kukiona mpaka utoke. Kwenye kundi la maprodyuza kuna wanaoanzisha na kuna wanaomaliza. Mwanzishaji anafungua FL Studio, programu ya kutengenezea biti, ndani ya nusu saa ana melodi inayokupiga kifuani, kapata ngoma, kapata besi, raundi nane za moto, halafu hapo hapo anaanza biti ingine. Mmaliziaji huwezi kumpa ukurasa mtupu, atakaa pale mpaka kuche, lakini mpe zile raundi nane akurudishie wimbo mzima una mlango wa kuingilia, una kati, una sehemu ya kupumulia, una mwisho. Mkiwa pamoja hamlijui hili, mnaona tu kazi inatoka. Mkiachana, mwanzishaji anakuwa na folda ina biti mia ambazo hazijaisha na mmaliziaji anakaa mbele ya skrini anahisi kipaji kimemuisha. Hakijaisha! Ni nusu ya kazi ndio haipo, ilikuwa inafanywa na mwenzake.

Kwa hiyo kabla hujatoka kaa utazame kazi zenu za nyuma, fungua mafaili, jiulize kwa ukweli wewe ulikuwa unafanya nini. Nani alikuwa anasema "toa hiyo kengele, imezidi"? Maana huyo anayesema hapana ni mtu muhimu sana kwenye kundi na mara nyingi ndiye anayechukiwa. Ukiwa peke yako hakuna wa kukwambia hapana, utarundika traki, utaweka ngoma tatu juu ya ngoma, kila sauti utaiona nzuri kwa sababu umeitengeneza wewe na saa saba za usiku. Mimi dawa yangu ni kuuacha wimbo ulale siku kadhaa, halafu nausikiliza mahali ambapo sio studio, kwenye spika ya simu, kwenye gari la mtu, halafu nampelekea mtu mmoja ambaye najua hatanisifia. Mmoja inatosha ila awe wa kweli.

Sasa kuna mfano wa mzungu mmoja ambao naupenda sana, Vince Clarke. Yeye ndiye aliyekuwa injini ya Depeche Mode mwanzoni, vijana wa mji unaitwa Basildon huko Uingereza, wanapiga sinthesaiza wakati wenzao wote wanataka gita. Albamu ya kwanza imetoka 1981, nyimbo 11, 9 kaandika yeye. Imefanya vizuri, na mwaka huo huo akaondoka. Hebu fikiria wewe uko kwenye kundi, mwandishi wenu anaondoka wakati mambo ndio yamekubali, mjini si watasema hawa wamekwisha? Mwenzao Martin Gore, ambaye alikuwa ameandika nyimbo mbili tu kwenye ile albamu, akachukua kalamu, na Depeche Mode ikaja kujaza viwanja. Clarke naye akakaa na Alison Moyet wakawa Yazoo, wakatoa albamu mbili, 1982 na 1983, wakaachana, 1985 akatangaza gazetini anatafuta mwimbaji, akampata Andy Bell, wakawa Erasure na wakadumu miongo.

Unajua albamu ya kwanza ya Vince Clarke yenye jina lake peke yake ilitoka lini? 2023. Zaidi ya miaka 40 tangu aondoke kwenye kundi lake la kwanza.

Yaani huyu mtu alitoka kundini lakini hakwenda peke yake, alikuwa anatafuta mwimbaji mmoja anayemfaa, wawili wanatosha, yeye mashine na mwenzake sauti. Kuna watu humu ndani wako hivyo, naona wengine mnatikisa vichwa. Mtu anateseka kwenye kundi la watu watano, vikao haviishi, kila mtu ana wazo lake, akilazimishwa kuwa peke yake pia anakauka, lakini ukimpa mtu mmoja tu anayemwelewa anafanya maajabu. Hiyo nayo ni njia na haina aibu yoyote, na msikubali mtu awaambie mmeshindwa kuwa solo.

Na wengine wala hawahitaji kutoka. Thomas Bangalter wa Daft Punk, lile kundi la Wafaransa wawili wa muziki wa elektroniki, alianzisha lebo yake ya Roulé mwaka 1995, albamu ya kwanza ya Daft Punk hata haijatoka, imetoka 1997. Alikuwa anatoa vyake kule na kundi liko pale pale, mpaka walipokuja kuachana rasmi Februari 2021, miaka 28 tangu waanze, na baada ya hapo mwenzetu katoa kazi ya okestra, muziki wa baleti, mashine kaziweka pembeni kabisa. Kama kundi lenu linaruhusu mtu awe na vyake pembeni, ongeeni, wekeni wazi, kipi cha kundi na kipi cha mtu. Makundi mengi hapa kwetu yanavunjika kwa sababu mtu kakutwa na biti kauza pembeni, na ukiuliza sheria yao ilisema nini unakuta hawakuwahi kuongea hata siku moja.

Nyumbani hapa hapa Tanzania tuna mfano ambao naona unatufaa kuliko yote, singeli, ule muziki wa kasi wa Dar. Pale Mburahati Dar kuna Sisso Studios, chumba, kompyuta, vijana wanapishana kwenye kiti, ngoma inakwenda kasi ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za ile studio, jina la mbele ni la studio, watu wote wamo humo ndani. Dunia ikasikia. Halafu angalia kilichofuata, 2018 ikatoka ya Bamba Pana, 2019 ikatoka ya Jay Mitta, ikatoka ya Sisso mwenyewe, kila mmoja na jina lake kwenye kava, na ukizisikiliza hazifanani. Mkusanyiko ulifungua mlango, kila mtu akapita na mzigo wake, na hakuna aliyelazimika kumtukana mwenzake kwenye redio ili aonekane.

Mimi naota Dodoma tufanye hivyo. Maprodyuza kumi wa hapa, biti mbili mbili, jina la mji mbele.

Haya, sasa tuje kwenye karatasi, najua wengine hapa ndio mnaanza kuangalia simu ila nawaomba, hii ndio sehemu inayoumiza watu.

Kuna kundi moja la mkoa huu, silitaji, wale vijana walifanya kazi nzuri miaka kadhaa. Chaneli yao ya YouTube ilifunguliwa kwa imeili ya mmoja wao. Akaunti ya msambazaji wa nyimbo, imeili hiyo hiyo. Namba ya simu ya kupokea hela, ya huyo huyo. Sio kwamba alikuwa na nia mbaya, yeye tu ndiye aliyekuwa na bando siku ile. Walipoachana wenzake wakakuta kila kitu walichotengeneza kinamilikiwa na simu ya mtu mmoja, na yule naye akapoteza laini, na mpaka leo zile nyimbo zinaingiza vijisenti ambavyo hakuna anayevifikia. Miaka ya watu hiyo.

Kwa hiyo fanyeni hivi mkiwa bado mnapendana. Kila biti ikimalizika, kabla hamjala wala hamjalala, andikeni kwenye karatasi nani kafanya nini na kila mtu ana asilimia ngapi, wote mweke saini, pigeni picha mtume kwenye grupu la WhatsApp. Mkishindwa kukubaliana asilimia siku ambayo biti haijaingiza hata mia, mtakubaliana vipi siku imeingiza milioni? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kazi mliyoitunga kwa pamoja ni yenu kwa pamoja, huwezi kuamka siku moja ukaondoka nayo kama godoro lako. Sasa fikiria miaka 50 baada ya kufa, wajukuu zako wanagombana na wajukuu wa mwenzako kwa sababu nyie mlikuwa mnaona aibu kuandika karatasi moja. Sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa upande wa kazi ya sanaa BASATA wapo, baraza lile la sanaa la taifa liko kwa sheria ya tangu 1984, sio kitu cha jana.

Na mafaili. Mtu anatoka kwenye kundi kabeba MP3 tu, yaani wimbo ulioshaunganishwa! MP3 haikusaidii kitu mdogo wangu, anakuja mtu anataka wimbo ule ule bila sauti autumie kwenye tangazo, unampa nini? Chukua projekti yenyewe, chukua kila sauti imetolewa peke yake kwa faili la WAV, ngoma peke yake, besi peke yake, maiki peke yake, kwa sababu programu zinabadilika na plagini uliyotumia leo baada ya miaka michache haifunguki. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili. Na kila mwanakundi awe nazo, sio mmoja anakuwa kama mwenye stoo.

Dodoma pia tuna mambo yetu ambayo ukimsikiliza prodyuza wa Dar hatakwambia. Sisi hapa hela ya studio kwa sehemu kubwa inatoka kwenye kwaya na kwenye matangazo, hasa tangu serikali ihamie huku. Kwaya haifuati jina la studio, inamfuata mtu. Mwalimu wa kwaya akishazoea kwamba wewe ndiye unayewavumilia akina mama wanaorudia ubeti mpaka wauridhie, ukihama anahama na wewe, na hapo ndio ugomvi unaanza, wenzako watasema umeiba wateja. Ongeeni kabla. Mimi naona ni haki kazi iliyoanza kwenye kundi ikamilike kwenye kundi, na kwaya yenyewe baada ya hapo iachwe ichague. Wale ni watu wazima wana akili zao. Lakini matangazo ya taasisi ni tofauti, kule wanataka TIN, namba ya mlipa kodi, wanataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, wanataka jina lililosajiliwa BRELA, wasajili wa biashara, na kama kundi ndilo lililosajiliwa wewe ukitoka unatoka mikono mitupu hata uwe fundi kiasi gani. Kwa hiyo usitoke leo halafu ndio uanze kufikiria usajili, anza usajili, ukikamilika ndio utoke.

Basi, karatasi nimemaliza, sasa tuongee kitu kilichonifanya nikubali kuja kuongea hapa.

Ukishatoka, ukawa peke yako, na mafaili yako na masikio yako, kesho asubuhi unafungua kompyuta unatengeneza nini? Naskia maprodyuza wa hapa wengi wakitoka kwenye kundi wanatengeneza amapiano. Amapiano nzuri, naipenda, lakini ile imeshapata wenyewe na wako Gauteng, Afrika Kusini, na kama unataka jina lako lisimame peke yake lazima kuwe na kitu ambacho mtu akikisikia anasema hichi kimetoka mahali fulani. Na sisi hapa tumekalia hazina ambayo dunia inakuja kuitafuta kwa ndege.

Mzee Hukwe Zawose katoka kijiji cha Doduma, hapa hapa mkoani. Alizaliwa 1938. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akamwita Dar, baadaye akafundisha sana Bagamoyo, na ile ilimba yake, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ikasafiri dunia nzima, akarekodi na lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatoa albamu nzima na mtayarishaji Michael Brook, ilimba na zeze zimekaa ndani ya sauti za elektroniki. Mgogo wa Doduma ameshafanya elektroniki jamani, kabla wengi wenu hapa hamjazaliwa! Alifariki Desemba 2003. Mwanae Msafiri akakulia ndani ya muziki wa familia, ndio kundi lake la kwanza, na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji na lebo ya Soundway ya London, na prodyuza Sam Jones, na pale ndani kuna zeze na kuna sinthesaiza na hakuna kinachomuonea aibu mwenzake. Huyo ndiye mtu aliyetoka kwenye kundi ninayemkubali kuliko wote niliowataja leo, kwa sababu alichotoka nacho ni kile kile cha nyumbani kwao, na bado kinasikika ni chake.

Sasa ufundi. Wengi mkirekodi ilimba mnaipitisha kwenye autotune, ile programu ya kunyoosha sauti, kwa sababu mnadhani imetoka nje ya sauti. Haijatoka! Muziki wa Wagogo hauendi na kinanda. Ukipiga uzi mmoja wa zeze, ndani ya ule mlio kuna sauti nyingi ndogo ndogo zimejipanga kwa asili, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinapanda, na Wagogo wanachukua zile za kuanzia ya nne mpaka ya tisa wanaimbia hapo. Sasa ile ya saba, ukiilinganisha na noti iliyo karibu nayo kwenye kinanda, iko chini kwa senti kama 31, na kati ya noti na noti kwenye kinanda ni senti 100, kwa hiyo hiyo ni karibu theluthi. Ya tano nayo iko chini kwa senti kama 14. Autotune inaona hilo ni kosa, inasukuma juu, na pale pale ule utamu ambao bibi yako akiusikia anafumba macho, unakufa.

Kwa hiyo usiisogeze ilimba, sogeza kinanda. Programu nyingi zina sehemu ya kushusha noti kwa senti, ishushe noti iliyo karibu na ile sauti ya saba, ishushe na iliyo karibu na ya tano, tengeneza besi yako ifuate ilimba, halafu weka ngoma ya kiki. Mara ya kwanza masikio yatakataa, siku ya pili utaanza kuelewa. Nendeni Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, kaeni mbele, msirekodi kwa simu, sikilizeni kwanza. Na ukimrekodi mzee anayepiga ilimba, jina lake liwe kwenye ile karatasi ya asilimia, sio unamlipa soda halafu unaandika kwenye kava kwamba ni wewe. Hapo sina utani kabisa. Prodyuza anayelalamika kundi lake limemdhulumu halafu anamdhulumu mzee wa Mvumi hana la kuniambia.

Niliishia hapo, maswali yakaanza. Mengi yalikuwa ya bei za vifaa, nimeyaacha, ila moja lazima niliandike.

Kuna binti alisimama, yuko kwenye kundi na kaka watatu, akasema, shikamoo kaka, mimi pale kazi yangu ni kupanga ngoma tu, melodi wanaweka wao, na wanasema ngoma kila mtu anaweza, sasa mimi nikitoka natoka na nini? Watu wengine wakacheka, sikupenda.

Nikamwambia dada, kwenye singeli ngoma ndio wimbo, ukiitoa hakibaki kitu. Na kwa Wagogo ngoma ya muheme inapigwa na wanawake, sio mapambo, ndio mgongo. Halafu nikamkumbusha The Zawose Queens, Pendo ni binti wa mzee Hukwe, Leah ni mjukuu wake, wamekulia kwenye muziki ambao miaka yote wanaume ndio walikuwa wanasimama mbele na wanawake wanapiga muheme na kuitikia, na mwaka 2024 wametoa albamu yao wenyewe na Real World, nyimbo wametunga wao. Hawakuacha muheme ili wawe mbele. Wameusogeza mbele pamoja nao.

Halafu nikamuuliza, ngoma zako unazihifadhi wapi? Akasema kwenye kompyuta ya mmoja wa wale kaka. Nikamwambia kesho uende na flashi, uombe kwa heshima, utoe ngoma za kila wimbo peke yake kwa WAV, uandike tarehe, na wakikuuliza za nini waambie ukweli kwamba unaweka kumbukumbu ya kazi yako. Wakikataa uje unione, na mwalimu wako wa kwaya yule pale kasema atakusindikiza.